Kadi mbili za grafiki kwenye kompyuta moja ya gemu: nimekaa na SLI, nimekaa na Lossless Scaling, hiki ndo nilichobaki nacho

Wadau, hili swali naona linawasumbua wengi wenye kompyuta za gemu za bajeti zetu hizi: una kadi yako ya kati, imeanza kuzidiwa na gemu mpya, uiongezee mwenzake au uiuze utafute moja kubwa? Mimi nilikuwa na GTX 1070 ya 8GB kwenye mazabodi ya Z370, prosesa i7-8700K, pawa saplai ya wati 750 na monita ya 1440p inayofika 144Hz. Kadi moja kubwa ya maana kwa bei nilizokutana nazo Kariakoo ilikuwa juu ya mfuko wangu, kwaiyo zikabaki njia mbili. Ya kwanza ni SLI, yaani naongeza 1070 nyingine na kuziunganisha kwa kile kidaraja cha juu. Ya pili ni kuongeza kadi ndogo, RX 6400, ambayo gemu lenyewe haligusi kabisa, kazi yake ni kuzalisha fremu (picha mojamoja zinazounda mwendo) za katikati kwa kutumia programu ya Lossless Scaling. Nimezitumia zote mbili kwenye mashine ileile, gemu zilezile, monita ileile.

Naanza na SLI maana ndo kila mtu anaitamani. Jamaa yangu alikuwa anauza 1070 yake, akaniachia niitumie kwanza kabla ya kulipana. Niseme ukweli, kwa macho inapendeza mno, kadi mbili zimepangana, kidaraja juu, taa zinawaka. Na kwenye gemu inayoikubali unaona kabisa pesa imefanya kazi. The Witcher 3 kwa DX11 (toleo la DirectX, mfumo wa Microsoft ambao gemu inatumia kuongea na kadi), 1440p, mipangilio ya juu, kadi moja ilikuwa inanipa fremu hamsini na kitu kwa sekunde, zilivyoingia mbili nikawa nacheza tisini na kitu mpaka mia moja. GTA V nayo iliitika vizuri. Shadow of the Tomb Raider pia, hiyo wenyewe waliotengeneza waliweka uwezo wa kadi mbili ndani ya gemu kwa DX12, na kwa kweli ilikuwa tamu.

Sasa nikaingia Cyberpunk 2077. Nilikuwa nimefungua programu ya Afterburner pembeni inionyeshe kila kadi inafanya nini: kadi ya kwanza asilimia 99, jasho linamtoka, kadi ya pili sifuri. Sifuri kabisa, feni yake imesimama, joto liko chini utadhani kompyuta iko kwenye desktop tu. Elden Ring hivohivo. Na hakuna mpangilio wa kubadilisha hapo, gemu haijaandikwa kwa kadi mbili, basi.

Inabidi uelewe kwanini. SLI ya Nvidia ya mwaka 2004, na CrossFire ya AMD iliyofuata 2005, zinafanya kazi kwa kupokezana: kadi hii inachora fremu hii, ile inachora inayofuata, wanaenda hivo. Ni kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja kwa zamu, wakipatana mdundo unga unatoka haraka, mmoja akichelewa kidogo tu michi inagongana. Kwenye skrini huko kugongana unakuona kama gemu inakwamakwama wakati namba ya fps (fremu kwa sekunde) iko juu, kaunta inasema 90 ila jicho linakataa. Enzi za DX11 Nvidia walikuwa wanaandaa profaili (mipangilio maalum) ya kila gemu kwenye draiva ili mdundo ukae sawa, ila kuanzia Januari 2021 waliacha kutoa profaili mpya kwa kadi za RTX 20 na zote za nyuma yake. Kwenye RTX 30 ni 3090 na 3090 Ti tu zilizobaki na sehemu ya kuunganisha, na RTX 40 hamna kitu. AMD nao jina la CrossFire waliliweka pembeni mwaka 2017, na RX 5000 zilivyokuja hazikuwa na hicho kitu tena. Kwaiyo saivi ni mtengeneza gemu mwenyewe aamue kuihudumia kadi ya pili, na wengi hawahangaiki.

Kingine ambacho wauzaji wengi hawakwambii, memori haijumlishwi. Mbili za 8GB hazikupi 16GB, kila kadi inabeba nakala yake ya vitu vilevile, unabaki na 8GB. Gemu ikiwa inataka 10 utateseka vilevile na kadi zako mbili.

Afu joto. Hapa Dar mwezi wa kwanza chumba hakina AC, kadi mbili za wati 150 kila moja zimekaa karibukaribu, ile ya juu inavuta hewa iliyotoka mgongoni mwa ile ya chini. Yangu ya juu ilikuwa inafika nyuzi 83 na hapo ndo 1070 inaanza kujipunguza kasi yenyewe, ya chini iko 70 na kitu inapumua. Ikabidi nifungue ubavu wa kesi na kuelekeza feni ya mezani mle ndani. Kama mtu umeamua SLI lazima, tafuta zile kadi za feni moja zinazotupa joto nje kwa nyuma, hizi za feni mbili tatu zilizo wazi zinamwaga joto lote ndani ya kesi. Na luku inaenda, hilo sina haja ya kueleza.

Nikamrudishia jamaa kadi yake, tukaelewana vizuri tu, nikachukua RX 6400.

Hii kadi ukiiona huwezi kuamini, ndogo, inakula wati 53 tu, haina hata waya wa umeme, inanyonya kwenye sloti. Ilifika madukani Aprili 2022 kwa dola 159 na kwa kuchezea gemu yenyewe peke yake mimi siipendekezi kwa mtu. Ila hapa kazi yake ni nyingine. 1070 inachora gemu kama kawaida, ikimaliza fremu inaituma kupitia PCIe (njia ya sloti za kadi kwenye mazabodi) kwenda 6400, 6400 inaangalia fremu mbili zinazofuatana na kutengeneza ya katikati, afu yenyewe ndo inapeleka picha kwenye monita. Kwaiyo kebo ya monita unachomeka kwenye kadi NDOGO, hili wengi wanalikosea wanachomeka kwenye kubwa afu wanalalamika programu haisaidii. Kwenye Windows 11 unaenda kwenye Display, Graphics, unaweka kadi kubwa iwe ndo ya gemu, afu ndani ya Lossless Scaling unachagua kadi ndogo. Gemu icheze borderless (dirisha lisilo na kingo linalojaza skrini), sio fullscreen. Draiva ya Nvidia na ya AMD zinakaa pamoja bila ugomvi, kwangu hazijawahi kusumbuana.

Programu yenyewe iko Steam kwa kama dola 7. Unaweza kuitumia hata na kadi moja, na nilianza hivo, ila kadi moja inalazimika kuchora gemu na kuzalisha fremu kwa wakati mmoja. Cyberpunk kwa mipangilio niliyoiweka 1070 ilikuwa inanipa kama 50, nikiwasha Lossless Scaling kwa kadi ileile fremu halisi zinashuka mpaka 38 ndo zizidishwe mara mbili, na hapo mausi unaisikia imekuwa nzito. Nilivyoweka 6400 zile 50 zikabaki 50, monita inapata 100. Utofauti wa hapo ni mkubwa kuliko namba zinavyosema, kamera inazunguka laini, ukiendesha gari usiku barabarani taa zinateleza vizuri. Na Elden Ring ambayo imefungwa 60 na wenyewe waliotengeneza, naicheza 120 kwa macho, kitu ambacho SLI isingenipa hata ningekuwa na kadi za aina gani.

Sasa mabaya yake, maana yapo. Fremu zinazozalishwa hazijui umebonyeza nini, kwaiyo ukibonyeza jibu linakuja kwa kasi ya zile halisi na kucheleweshwa kidogo juu yake. Ukiwa na fremu halisi 60 hutajali, ukiwa na 30 utajali sana. Kwa gemu za kushindana kurushiana risasi mimi naizima kabisa. Pia angalia kwenye kingo: mhusika akikaa katikati ya skrini na wewe unazungusha kamera haraka, pembeni ya mabega yake kunatokea kama mvuke unaotetemeka, na maandishi madogo ya ramani yanayumba kidogo. Toleo la tatu la mwaka 2025 limepunguza sana haya mambo, ila hayajaisha.

Na mazabodi, jamani mazabodi. Angalia sloti ya pili kabla hujanunua chochote. Z370 yangu inagawa njia za PCIe za prosesa nane kwa nane ndo maana SLI ilikubali na 6400 inapata njia zake nne bila kubanwa. Mazabodi nyingi za B450 sloti ya pili inapitia chipset (chipu ya mazabodi yenyewe, sio prosesa) kwa PCIe 2.0, na Nvidia hawaruhusu SLI hapo kabisa, na hata Lossless Scaling itabanwa maana fremu zote zinapita hapo. Usitazame urefu wa sloti, soma kijitabu chake.

Kwa mwenye RX 580 mbili zilizotoka kwenye mitambo ya kuchimba sarafu, anayetaka CrossFire kwa sababu haihitaji kidaraja: majibu ni yaleyale ya SLI, gemu za zamani utafurahi, mpya utakuwa na heta mbili ndani ya chumba. Bora moja uitumie kuzalisha fremu na nyingine uiuze uongezee kwenye kadi kuu. Na ukiwa na hela ya kadi moja kubwa kabisa yenye 12GB kwenda juu, nunua hiyo moja, haya mengine yote yasikusumbue. Hasa kwa sababu 1070 na ndugu zake wa 2016 draiva zao za gemu mpya Nvidia walishazifikisha mwisho Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu.

Kwa wanaorekodi: RX 6400 haina sehemu ya kurekodi video, ila kwa kuwa 1070 ipo na NVENC yake (sehemu ya kurekodi video ya Nvidia), programu ya kurekodia ya OBS unaielekeza huko na mambo yanaenda. Na mwenye 8700K kama mimi anayewaza kutumia grafiki za ndani ya prosesa badala ya kununua kadi ndogo, nilijaribu, kwa 1440p haikufua dafu.