Tanga la Salamu la Kirumba: Sanaa ya Pamoja Inayostahili Kutazamwa

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya anga za juu, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kikiwa na sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye picha, muziki na salamu katika lugha 55. Miongoni mwa lugha hizo kimo Kiganda, lugha ya jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Victoria, lakini Kiswahili hakimo, wala Kisukuma. Pengo hilo ndilo lililowasukuma wakazi wa Kirumba, jijini Mwanza, wakishirikiana na vijana wachoraji, kushona tanga kubwa la mtumbwi kwa vipande vya viroba, kila kipande kikibeba salamu au picha ambayo mwenyewe angependa iwafikie wasiotujua. Limetundikwa uani, jirani na mwalo, na kuliona ni bure.

Vipande vyenye roketi na wanaanga vinafanana mno, kwa kuwa vingi vimenakiliwa kutoka kwenye simu, na mtazamaji huvipita haraka. Uzito wa kazi umo kwa wale waliochora wanachokijua. Kipande cha akina mama wanaoanika dagaa ni cheusi kote, kikiwa na nukta za njano zilizojipanga. Kwa mbali utadhani ni nyota, lakini ukisogea unaona chini ya kila nukta mtumbwi mwembamba. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa, ambao huingia ziwani usiku wa giza kwa sababu mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa ya kuwavuta samaki, na ndiyo maana mwezi haukuchorwa kabisa. Kipande hicho peke yake kinatosha kumtoa mtu nyumbani.

Maelezo ya ukutani yanahitaji kusahihishwa, hasa kwa ajili ya wanafunzi wanaopita pale. Yanasema Voyager husukumwa na upepo wa jua kama tanga, ilhali vyombo hivyo viliongezewa mwendo na mvutano wa sayari za Mshtarii na Zohali. Rangi nayo inasikitisha: kiroba ni plastiki, hakikusuguliwa kwa msasa kabla ya kupakwa, na kila upepo wa ziwa unapovuma mchana, rangi inapasuka kwenye mikunjo. Neno "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, lililoandikwa kwa herufi nyeupe pembeni, limeshaanza kubanduka.

Jambo ninalolitamani zaidi ni sauti. Salamu za Voyager zilirekodiwa ili zisikike, na wazee wa Kirumba wanaosalimia kwa Kisukuma, Kikerewe na Kijita wapo palepale. Spika moja ndogo ingetosha. Nenda asubuhi, kabla upepo haujachachamaa, na kama una kiroba safi kibebe, kwa kuwa upande wa chini wa tanga bado unashonwa na wageni wanakaribishwa kuchora.