Mashine ya gemu kwa mgonjwa wa Parkinson: pima kuchelewa kwa picha kabla hujalipa

Malalamiko yanayotufikia kutoka Kampala, Arua na Kasese yanafanana. Familia imenunua mashine ya gemu ili mzee wao mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kupunguza kasi ya mwili, afanye mazoezi ya kusimama na kuhamisha uzito nyumbani. Imeunganishwa na TV mpya, bapa. Baada ya siku chache mzee hataki hata kuiona: kila akijitahidi, skrini inamwambia amekosa.

Mara nyingi mzee hajakosa. TV ndiyo imechelewa.

Wauzaji hawalitaji jambo hili, wala wanunuzi hawaliulizi. Mashine za zamani kama Wii hutoa picha ndogo iliyokatwa nusu mbili za mistari. TV bapa inaipokea, inaziunga zile nusu, inaitanua, inaisafisha, ndipo inaionyesha. Kijana mwenye afya atazoea. Mtu ambaye ugonjwa umeshapunguza kasi ya mwili wake hawezi. Anaegemea kushoto, mtelezaji wa theluji anayemwongoza ndani ya gemu bado anakwenda kulia, basi anaegemea zaidi. Picha inapomfikia, uzito wake umeshapita ukingo wa mguu, na hapo ndipo mtu huanguka. Tena katika nchi ambayo wapo bado wanaouita mtetemeko huu obuko na kudai kwamba mgonjwa alivunja mwiko wa mkwe, si haki mashine nayo imtwike kosa lisilo lake.

Kupima ni rahisi. Tafuta simu yenye kamera ya mwendo wa polepole, ya fremu 240 kwa sekunde. Rekodi rimoti na skrini pamoja, rimoti ikitikiswa ghafla kushoto na kulia. Kisha hesabu fremu tangu mkono uanze kwenda hadi kile kiganja cha kwenye skrini kiufuate. Kila fremu ni karibu milisekunde 4. Rudia kwa TV ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo, ambayo haicheleweshi picha. Tofauti kati ya TV hizo mbili ikizidi fremu 12, yaani milisekunde 50, ingia kwenye menyu ya picha, chagua Game, zima kila kitu kinacholainisha mwendo, upime tena. Ikigoma, tumia ile ya chogo. Kama imewekwa stoo, itoe. Kwa kazi hii inaishinda TV bapa ya inchi 55.

Sasa mpangilio wetu wa mashine, iliyo bora kwanza.

Ya kwanza ni Nintendo Wii pamoja na Balance Board, ubao wa kusimama juu yake, na diski ya gemu za mazoezi ya Wii Fit Plus. Hatufichi kwamba tunaipendelea. Ubao una vipimo vya uzito katika pembe zote nne, kwa hiyo mgonjwa anaona kwa kitone chekundu uzito wake uko wapi hasa, jambo ambalo Parkinson humnyima kulihisi. Unabeba hadi kilo 150. Anza na Table Tilt, mipira inayoviringishwa kwenye meza kwa kuhamisha uzito taratibu. Soccer Heading iache kwanza: katikati ya mipira hurushwa viatu na vichwa vya panda vya kukwepa, na kuamua upesi huku umesimama ndiko kunakowalemea wengi.

Wii haitengenezwi tena, hivyo utakayoipata ni ya mtumba, nayo ina mitego mitatu. Soma adapta: ikiandikwa 120V ni ya Marekani, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 240V itaungua. Dai ya 230V, au ya volti 220 hadi 240. Diski ya Ulaya haisomwi na mashine ya Marekani, kwa hiyo nunua vyote vya eneo moja. Na ubao ujaribiwe na mtu mzima mwenye afya: akisimama wima kitone kikae katikati, akiegemea kila pembe kimfuate. Kikibaki upande mmoja, kipimo kimoja kimekufa, urudishe. Betri ni 4 za AA. Kitufe chekundu cha SYNC, cha kuunganisha ubao na mashine, kwenye ubao kimo ndani ya kifuniko cha betri, kwenye mashine kimo chini ya mlango wa kadi ya SD.

Ya pili ni Nintendo Switch na Ring Fit Adventure, gemu ya mazoezi yenye pete ya kubana na kuvuta kwa mikono, kwa mgonjwa wa hatua za mwanzo tu. Adapta yake inakubali 240V na kuchelewa kwa picha yake ni kudogo kuliko kwa Wii, TV ikiwa kwenye Game. Ila pete inadai mikono yenye nguvu, na gemu inakimbiza mtu. Usiuziwe Switch Lite: haiunganishwi na TV, na rimoti zake hazing'oki.

Xbox 360 na Kinect, kamera inayofuata mwili wa mchezaji, ni ya tatu. Hakuna kitu cha kupanda, na hilo ni faida kwa asiyeweza kuinua mguu sentimita 5. Lakini kamera yenyewe inachelewa hata kabla ya TV, tena inahitaji karibu mita 2 za nafasi wazi. Katika chumba kimoja cha kupanga, kitanda kimeshazila.

Miwani ya VR, ile inayofunika macho yote: hapana, kwa yeyote mwenye kuyumba. Mikeka ya gemu ya bei chee: hapana pia.

Kuhusu bei, usiseme dukani kwamba ni ya mgonjwa. Ukishasema, ubao ule ule uliokuwa umelala sakafuni na vumbi unageuka "kifaa cha hospitali" na bei inapanda. Hasira yetu ni kwamba muuzaji huyo huyo anakataa kuuwasha mbele yako. Asipouwasha, ondoka.

Nyumbani, weka ubao juu ya saruji au vigae, si mkeka. Zulia likiwa nene, funga chini ya ubao ile miguu yake minne ya nyongeza. Peku, bila soksi. Kitanda nyuma, kiti kizito kisicho na magurudumu mbele, na msaidizi pembeni nyuma kidogo, mkono karibu na kiuno. Dakika 20 zinatosha kuanzia, takriban saa moja baada ya kumeza levodopa, dawa ya Parkinson, wakati mwili umefunguka. Mtaalamu wa fiziotherapia aone mara ya kwanza. Na taa ya kuchaji iwe inawaka muda wote, hata mchana kama chumba ni cha giza: Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha, mzee asibaki amesimama gizani juu ya ubao.