Mtafsiri aliyeiharibu filamu ya kutisha na kuiokoa ya wizi

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye duka moja la kurushia filamu hapa Ngamiani, Tanga, nikiwa na flashi yangu na majina mawili niliyokuwa nimeyapania kwa muda mrefu: Sinners ya Ryan Coogler na Den of Thieves 2: Pantera, zote za mwaka 2025. Kijana wa dukani aliniuliza kama nazitaka zilizotafsiriwa, yaani zenye sauti ya mtafsiri anayezisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, au kavu. Kwa kuwa nilijua mama mkubwa angeketi nami sebuleni, nilichagua zilizotafsiriwa, nikalipa shilingi 1,000 kwa kila moja.

Tulianza na Sinners. Mapacha Smoke na Stack, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanarudi kwao Mississippi mwaka 1932 kutoka Chicago wakiwa na mali waliyowaibia majambazi, wananunua kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao na kukigeuza kuwa ukumbi wa muziki wa bluzi. Sehemu kubwa ya mwanzo haina kitisho chochote. Tunazoeshwa watu, madeni yao na mapenzi yao, na ndiyo maana wanyonya damu wanapowasili tunajua ni nani wa kumhurumia. Wanyonya damu hao si kama mumiani wa hadithi tulizotishiwa nazo utotoni, kwa sababu hawawezi kuvuka kizingiti mpaka mwenyeji awakaribishe.

Mama mkubwa alilielewa jambo hilo kabla yangu. Mlinzi wa ukumbi alipotoka nje kujisaidia, kisha akarudi na kusimama mlangoni akibembeleza aambiwe aingie, mama mkubwa alisema, "Hodi hupigwa mara tatu, usipoitikiwa unakwenda zako. Huyu ang'ang'anie nini mlango anaoulinda mwenyewe?" Hapo palikuwa pahala pa kukaza pumzi. Mtafsiri hakutuachia. Kabla hata waliomo ndani hawajaanza kumshuku, alikwisha kutangaza kwa sauti ya mpira wa redioni kwamba jamaa ameshaumwa na si mtu tena. Aliendelea hivyo hivyo katika wimbo wa kijana Sammie, ambamo wanamuziki wa zama zilizopita na zijazo wanatokea ukumbini kucheza pamoja. Muziki wa Ludwig Göransson ulishushwa ili yeye asikike akituambia kwamba watu wanacheza, jambo ambalo macho yetu yalikuwa yanaliona.

Kwa hasira hiyo nilitarajia Pantera nayo iharibike, lakini mambo yalikwenda kinyume. Filamu hiyo ina zaidi ya saa mbili na dakika ishirini, na ndani yake polisi Big Nick, yaani Gerard Butler, anamfuata mwizi Donnie hadi Ulaya na kujiingiza katika genge linalopanga kuiba almasi mjini Nice. Majina ni mengi, lafudhi ni nyingi, na kila mtu ana sababu ya kumsaliti mwenzake. Mtafsiri alimbatiza Nick jina la Afande Ndevu, akatukumbusha nani anamdai nani, na wezi walipoanza kupita juu ya mapaa wakikwepa kamera alitueleza hatua kwa hatua walichokusudia, nasi tukawa kama washirika wao. Sisi tuliokulia hadithi za mwizi Osale Otango na maficho yake katika mapango ya Amboni tunajua kwamba utamu wa kisa cha mwizi ni kuijua njia aliyopita. Kisa cha kutisha hufa mara njia hiyo inapojulikana. Kasoro ya Pantera ni katikati yake, ambapo safari za magari na ulevi zimechukua muda ambao haukustahili.

Siku ya pili nilirudi dukani kuomba Sinners kavu. Nilitozwa shilingi 1,000 nyingine bila punguzo, ingawa hakuna aliyenitahadharisha kwamba mtafsiri hutangulia kusema yanayokuja. Tuliitazama upya usiku. Mama mkubwa hajui Kiingereza na kisa chenyewe alikwisha kukijua, lakini mlinzi aliposimama tena pale mlangoni, na safari hii pakawa kimya, aliikunja ncha ya kanga yake mkononi na hakuiachia mpaka mlango ulipofungwa.