p5.js kwa matembezi ya nasibu: uzoefu wangu darasani

Nafundisha hisabati kidato cha tano na cha sita, na mada ya uwezekano ndiyo inayonitoa jasho kuliko zote. Wanafunzi wanakokotoa vizuri, ila hawaamini walichokokotoa. Hiyo ndiyo sababu nilianza kutumia p5.js, maktaba ya bure ya JavaScript (yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kuchorea kwenye kivinjari) iliyoanzishwa na Lauren Lee McCarthy mwaka 2013 kwa kufuata nyayo za Processing, zana ya kuchora kwa msimbo ambayo Casey Reas na Ben Fry waliibuni mwaka 2001 kwa ajili ya wasanii na wabunifu. Nimeitumia kwa jambo moja tu, kuonyesha matembezi ya nasibu. Anayetaka kujua inafaaje kwa michezo au muziki, hapa hatapata kitu.

Kwa asiyeyajua: weka nukta katikati ya skrini, halafu kila hatua iende juu, chini, kushoto au kulia kwa bahati tu. Basi. Karl Pearson aliuliza swali la aina hii katika jarida la Nature mwaka 1905. Kwake alikuwa ni mtu anayetembea yadi kadhaa, anageukia upande wowote, anatembea tena, na Pearson alitaka kujua mtu huyo atakuwa umbali gani baada ya hatua nyingi. Nyuma ya swali hilo kulikuwa na mbu: wanasambaa vipi kutoka walikozaliwa, jambo lililomshughulisha pia Ronald Ross, yule wa malaria. Nikilitaja hilo, hata wa viti vya nyuma wanainua vichwa.

Huhitaji kusakinisha chochote. Kihariri kiko ndani ya kivinjari, na unaandika sehemu mbili: setup, inayotekelezwa mara moja, na draw, inayorudiwa kama mara 60 kwa sekunde. Hatua ya nukta unaiweka ndani ya draw, na programu nzima haizidi mistari kumi na kitu. Shule isiyo na intaneti ya uhakika inaweza kupakua faili la maktaba na kuliweka kwenye flashi pamoja na ukurasa wa somo. Litafanya kazi bila bando. Kwangu hilo peke yake lilitosha kuipa p5.js nafasi mbele ya Manim, maktaba ya Python ya kutengeneza video za hisabati, ambayo video zake zinapendeza mno lakini ukishaitengeneza video huwezi kuigusa mwanafunzi anapouliza, "Na tukiongeza hatua?"

Maana wataiongeza. Turubai ya kuanzia, yaani eneo la kuchorea, ni pikseli 400 kwa 400. Nukta ikipiga hatua za pikseli 5, ukingo uko hatua 40 kutoka katikati, na mwanafunzi anatarajia itafika mara moja. Haifiki. Umbali wa kawaida hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya hatua, kwa hiyo kufika hatua 40 mbali kunadai hatua zipatazo 1,600 au zaidi, na kwa mwendo wa draw hiyo ni karibu nusu dakika ya kutazama nukta ikihangaika kama kuku aliyepotea banda. Nusu dakika hiyo inafundisha kuliko ubao wangu. Ukitaka kuharakisha, usihangaike na frameRate, amri ya kasi ya picha, kwa kuwa skrini nyingi haziendi zaidi ya mara 60. Weka kitanzi (loop) ndani ya draw ili kila picha moja ibebe hatua mia.

Lakini kilichonifanya niandike tathmini hii ni matembezi ya mstari mmoja. Nukta inapanda au kushuka kwa kurusha sarafu, na grafu inajichora kutoka kushoto kwenda kulia, ikiwa na mstari wa sifuri katikati. Darasa zima linatarajia grafu ivuke sifuri kila mara, huku nusu, kule nusu. Badala yake inapanda juu ya sifuri na kukaa huko, inakaa, inakaa. "Ticha, hiyo imeharibika," wananiambia. Haijaharibika. Paul Lévy alionyesha mwaka 1939 kanuni inayotawala jambo hili: katika matembezi marefu, uwezekano wa kukaa upande mmoja kwa asilimia 90 ya muda au zaidi ni takriban asilimia 41, wakati uwezekano wa kugawana muda karibu sawa, yaani kati ya asilimia 45 na 55, ni kama asilimia 6 tu. Ukiandika namba hizo ubaoni, watanakili na kusahau. Ukiwaonyesha grafu ishirini zinazojichora kwa pamoja, nyingi zimeng'ang'ania upande wao, mabishano yanaanza yenyewe, na mimi nakaa pembeni.

Kasoro zipo. Ukitaka mkia wa nukta ufifie taratibu, wengi hukushauri upake mandharinyuma yenye uwazi kila picha. Inapendeza, ila alama za kijivu hazifutiki kabisa, kwa sababu rangi huhesabiwa kwa namba nzima na ule mfifio wa mwisho hupotea kwenye kukadiria. Kwenye projekta zinaonekana kama uchafu. Dawa ni kuhifadhi nafasi za zamani kwenye orodha na kuzichora upya. Nukta zikiwa maelfu, simu za bei nafuu hulemewa. Na usipoweka randomSeed, amri inayofanya bahati ijirudie vilevile, hutapata tena matembezi yale yale kesho, jambo linaloudhi pale unapotaka kurudia mfano uliozua ubishi.

Pia sishauri kuitumia kuthibitisha chochote. George Pólya alithibitisha mwaka 1921 kwamba kwenye mstari au uwanda bapa mtembezi atarudi alikoanzia kwa hakika, ilhali kwenye anga la pande tatu uwezekano wa kurudi ni kama asilimia 34 tu. Nilichora ya pande tatu kwa WEBGL, modi ya p5.js ya kuchora pande tatu; inazunguka vizuri kwa kuburuta kipanya, lakini macho hayaoni tofauti hiyo. Utahitaji kuhesabu marudio, na kwa kuhesabu naipendelea Python. Kwa somo la dakika 40, anza na mstari mmoja, uache pande tatu kwa wale watakaobaki kengele ikishalia.