Sachi ya ardhi kupitia Ardhisasa: inakuambia ni ya nani, haikuambii aliipataje

Sachi rasmi ya ardhi nchini Kenya, yaani upekuzi wa daftari la msajili wa ardhi unaokupa cheti, ni huduma nzuri ambayo watu huibebesha kazi isiyo yake. Inajibu swali moja kuu: leo hii, daftari linasema ploti ni ya nani? Namna ploti hiyo ilivyotoka mikononi mwa umma haimo ndani ya cheti, na hapo ndipo wanunuzi wengi wameangamia.

Sifa kwanza. Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, ilizinduliwa Aprili 2021 ikaanzia Nairobi, na kaunti nyingine zimekuwa zikiingizwa polepole. Penginepo bado unapanga foleni kwa msajili ukiwa na nakala ya hatimiliki na kitambulisho. Cheti kinaonyesha jina la mmiliki, ukubwa, iwapo ni miliki kamili au ya kukodi, rehani ya benki, na zuio lililowekwa na mahakama au mdai mwingine. Kwa rehani na mazuio, hakuna njia iliyo bora zaidi. Mtego wake mkubwa ni nambari. Ploti nyingi za mjini zenye nambari za L.R. (Land Reference, mtindo wa kale) zimepewa nambari mpya za bloku chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, hivyo ukiingiza nambari ya kale unaweza kukosa matokeo. Usikimbilie kusema ni ulaghai. Tafuta nambari mpya katika orodha za ubadilishaji zilizotangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha rudia.

Sasa upungufu wenyewe. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2003, ilikadiria kuwa hatimiliki zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Nyingi hazikughushiwa vichochoroni. Viongozi waligawa ardhi ya umma kama zawadi za kisiasa, barua za ugavi (za kumpa mtu ploti ya serikali) zikaandikwa, msajili akasajili, mihuri ikawa halali. Ukifanya sachi, ploti kama hiyo inatoka safi kabisa.

Kesi ya kuisoma kabla ya kununua chochote ni ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Ploti iko ufukweni Nyali. Iligawiwa mwaka 1989 kwa Daniel arap Moi, aliyekuwa rais wakati huo, ikauzwa, hatimaye ikafika kwa Dina. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya wananchi kwenda baharini. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ugavi wa kwanza haukufuata utaratibu, kwa hiyo hakuna hatimiliki halali iliyozaliwa, na mnunuzi wa baadaye hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema. Mwaka huohuo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo ilisema barua ya ugavi peke yake si hatimiliki.

Ukuta na askari pia si ushahidi wa umiliki. Januari 2015 polisi waliwarushia vitoa machozi watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, waliokuwa wakipinga kunyakuliwa na kuzungushiwa ukuta kwa uwanja wao wa kuchezea.

Kwa hiyo, sachi ikishatoka, omba kwa msajili nakala iliyothibitishwa ya daftari lote tangu ingizo la kwanza, usiridhike na ukurasa wa mmiliki wa sasa. Kama mwenye kwanza ni serikali, dai mpango wa uendelezaji ulioidhinishwa, ule unaoitwa PDP (Part Development Plan), na ulinganishe tarehe: mpango hutangulia, barua ya ugavi hufuata. Barua ikitangulia mpango, ondoka. Kisha nunua ramani ya usajili kwa Idara ya Upimaji na umlipe mpima ardhi akague bikoni, yaani alama za mipaka, kwenye ploti yenyewe. Mwambie aangalie hasa hifadhi ya barabara, kingo za mto na maeneo yaliyoachwa wazi, maana ndiyo yaliyopendwa na wanyakuzi. Viambatisho vya ripoti ya Ndung'u vina orodha ya ploti kwa nambari. Pitia kwa nambari ya kale ya L.R., kwa kuwa ripoti ilitoka 2004, kabla ya mabadiliko. Majirani na walimu wa shule iliyo karibu huwa wanajua nini kilikuwa pale.

Hayo yote yafanyike kabla ya kulipa ile asilimia 10 ya kwanza ya bei. Muuzaji akidai PDP ilipotea, mwachie yeye kazi ya kuitafuta katika ofisi ya mipango, na pesa zibaki kwako hadi nakala iliyothibitishwa ifike kwa wakili wako.