Mandhari na hali ya hewa za simyuleta ya ndege: uanze kununua nini?

Ukishazoea kurusha ndege kwenye kompyuta, utatamani mandhari nzuri zaidi na mawingu ya kweli zaidi. Vinavyouzwa ni vingi, na baadhi vinajaza diski tu. Mimi navipanga kwa swali moja: utakiona kila unaporuka?

Cha kwanza ni uwanja wa ndege mmoja, ule unaotua mara nyingi. Wakati wa kutua ndipo macho yanapoikaribia ardhi, na kasoro zote huonekana. Chukua Lukla, kule Nepal. Njia yake ya kurukia ina mita 527 tu, na mteremko wa takriban asilimia 12: upande mmoja genge, upande wa pili mlima. Mtengenezaji akiilaza tambarare, hiyo si Lukla tena. Kwa hiyo kabla ya kulipa, kuza picha za bidhaa. Tafuta weusi wa matairi pale magurudumu yanapogusa, rangi iliyofifia, nyufa za lami. Kisha tazama ukingo wa njia. Ukiona umeinuka kama ngazi juu ya majani, uwanja haukulinganishwa na ardhi iliyo chini yake. Usinunue.

Cha pili ni hali ya hewa, ila usikimbilie. Simyuleta za Microsoft Flight Simulator ya 2020 na ya 2024, pamoja na X-Plane 12, tayari zina hali ya hewa ya moja kwa moja. Itumie kwanza. Ukirusha safari ndefu, au ukitaka kurudia dhoruba ya siku iliyopita, programu ya hali ya hewa ya Active Sky inastahili fedha yako. Kazi ngumu iko angani: ripoti ya METAR hueleza hali ya uwanjani, lakini upepo wa futi 35,000 hutoka kwenye utabiri, na programu lazima iunganishe hivyo viwili taratibu. Niliwahi kutumia programu moja ambayo upepo wake uligeuka ghafla kutoka mbele kwenda nyuma. Mshale wa kasi ukaporomoka na rubani wa kompyuta akajizima. Vifurushi vya picha za mawingu pekee, viache.

Cha tatu ni ardhi ya picha za setilaiti. Kwa X-Plane, programu ya Ortho4XP inaitengeneza bure, hivyo hakuna haja ya kununua. Angalia nafasi tu: kila ukipanda daraja moja la ukaribu wa picha (zoom level), idadi ya picha huzidishwa mara nne. Daraja la 17 linanitosha. Ukiruka chini sana utaona magari yamebandikwa barabarani, bapa kabisa. Simyuleta ya Microsoft huvuta picha hizi kupitia intaneti, kwa hiyo ruka hatua hii.

Kufunga kwenyewe ni rahisi: kwa Microsoft, weka folda ndani ya Community, kwa X-Plane, ndani ya Custom Scenery. Ila X-Plane ikiwashwa huandika kifurushi kipya juu kabisa ya faili la scenery_packs.ini, yaani orodha ya mandhari, na cha juu hufunika cha chini. Niliongeza ardhi ya picha jioni moja, na uwanja nilioununua ukatoweka wote, majengo kwa taa. Nilizima simyuleta, nikafungua faili hilo, nikapandisha mstari wa uwanja juu ya mstari wa picha, na kila kitu kikarudi. Ongeza kimoja, ruka nacho, ndipo uongeze kingine.