Bastola ya mbio isiyo na risasi: uzoefu wangu baada ya kuiweka kando ile ya baruti

Kama shule yenu bado ina bastola ya zamani ya kuanzishia mbio na kila muhula wa kwanza mnahangaika kutafuta risasi zake, haya yanawahusu. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Mombasa. Siku hizi naanzisha mbio kwa kifaa cha umeme: mpini wenye umbo la bastola, waya, na kisanduku chenye spika na taa. Nilikinunua kwenye duka la vifaa vya michezo mjini kwa chini ya Sh20,000. Nakipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyokinyima ina sababu yake.

Kwanza ile bastola, maana wengi wanaoniuliza wanataka kujua kwa nini sikuishikilia. Ni ya kipimo cha .32, nayo inakula risasi za mlio tu, zenye ganda la .32 Smith & Wesson. Risasi hiyo ilitoka 1878, zama za bastola ndogo za kutia mfukoni, na leo ni wachache duniani wanaobeba silaha ya aina hiyo. Ile ya mlio haina kichwa, yaani kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Mdomo wa ganda umekunjwa au umezibwa kwa kizibo cha karatasi ngumu. Ndani mna baruti nyeusi, ile ya shura, mkaa na kiberiti, na si kwa ajili ya kelele peke yake. Baruti nyeusi hutoa moshi mzito mweupe, na moshi ndio kazi yenyewe: washika saa waliosimama kwenye utepe huuona kabla mlio haujawafikia.

Sasa zitafute hizo risasi Mombasa. Maduka ya silaha yenye leseni yana za 9mm na za shotigani, kwa sababu ndizo zenye wateja. Ukitaja .32 ya mlio tu, muuzaji anakuuliza tena kama hakukusikia. Shemeji yangu aliye Uingereza alijitolea kuniletea pakiti moja, nikamkataza. Risasi za mlio ziko kwenye orodha ya vilipuzi ya Umoja wa Mataifa kwa namba UN0014. Huwezi kuzituma kwa posta, na ndani ya ndege hazipandi ila kwenye mzigo uliokabidhiwa, kwa idhini ya shirika la ndege, tena zisizidi kilo 5. Halafu akitua hapa bado ana Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ya kujibu. Mtu na masanduku yake na watoto wake, nimtie mashakani kwa sababu ya mbio za mita 100?

Ndipo likaja lile wazo ambalo najua kila shule limepita: kujaza maganda upya. Fundi mmoja wa Majengo, mtu wa mikono kwelikweli, aliniambia, “Mwalimu, we niletee maganda yako tu. Baruti ya fataki za Diwali ipo, ntakujazia.” Nikamwambia, “Fundi, hiyo yataka kibali.” Akacheka. Lakini ni kweli, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa Kenya hii, iwe na kichwa au isiwe nacho, na mimi sitaki jina la shule liandikwe kituoni.

Hata sheria ukiiweka pembeni, hesabu yenyewe haikai. Ganda la .32 lina fataki katikati ya kitako, si ile ya Diwali bali kofia ndogo ya shaba inayopondwa na pini. Ikishalipuka haifai tena. Lazima itolewe itiwe mpya, na fataki mpya za kipimo hicho ni adimu kama risasi zenyewe. Walioko nchi ambako kujaza risasi kunaruhusiwa wana mashine za mkono za kutoa fataki, kurudisha ganda kwenye kipimo na kutia mpya, na hata wao hawagusi baruti wasiyoijua asili yake. Baruti ya kawaida ya bastola yataka kichwa cha kuizuia mbele ndipo iungue sawasawa. Ya mlio huungua upesi mno, na ukiifungia mahali inapasua chuma. Ya Diwali, nani ajuaye imechanganywa na nini? Shule jirani wana bastola ya .22. Hiyo haijazwi hata na mwenye kibali na mashine: dawa ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ikishauponda ukingo, basi.

Na tusidanganyane kwamba haina kichwa kwa hivyo ni mchezo. Gesi inayotoka mdomoni inachoma na kupenya. Mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alifariki 1984 baada ya kujilenga kichwani kwa bastola yenye risasi za mlio, akifanya mzaha. Mlio wenyewe karibu na sikio unapita desibeli 140, nami miaka yote hiyo nilikuwa nikijiziba kwa pamba.

Turudi kwenye kifaa. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hakikosi. Ile ya zamani ilikuwa inakwama pale pale watoto wamekwisha inua viuno, “tayari…”, kisha kimya, nusu yao wamekimbia. Masalia ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya chumvi, usipoisafisha siku hiyo hiyo, kesho ina kutu. Hiki ni kubonyeza tu. Kina pia mlio wa pili wa kuwarudisha walioruka, yaani walioondoka kabla ya mlio, kwa hiyo hakuna tena kukimbilia kipenga. Chaji inamaliza siku nzima ya mashindano na kubaki. Wasimamizi wa kaunti hawajanikatalia kukitumia, na wala si kitu kigeni: Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver, 2010, ilikuwa imeshaanza kutumia bastola za umeme.

Nyota niliyokinyima ni ya taa. Kwenye picha ya duka inang'aa kweli. Kwenye uwanja wa nyasi wa Mombasa, saa sita mchana mwezi wa pili, mshika saa aliye mita 100 haioni hata akikodoa. Asipoiona anasubiri mlio, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Katika joto letu sauti huenda takriban mita 350 kwa sekunde, yaani inamfikia ikiwa imechelewa karibu sehemu tatu za kumi za sekunde. Mtoto aliyekimbia 11.9 anaandikiwa 11.6. Wazazi wanapiga vigelegele, kocha anavimba, kisha tunafika kwenye mashindano yenye saa za umeme na bingwa wetu anashika nafasi ya sita. Moshi wa baruti, kusema haki, haukuwa na kasoro hiyo.

Dawa niliyoipata ni ya seremala. Mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, ndani zimepakwa rangi nyekundu, nje nyeupe. Msaidizi wangu anazinyanyua juu zikiwa wazi, nyekundu ikiwatazama washika saa, na anazifunga ninapobonyeza. Nyekundu ikipotea wanaanzisha saa. Tumefanya mazoezi hadi mikono yetu inakwenda pamoja, na washika saa watatu kwa kila nafasi wameanza kukubaliana. Wakitofautiana wote, tunachukua saa ya kati kama kanuni inavyosema. Shule isiyo na pesa kabisa ianze na mbao hizo peke yake. Zikipigwa vizuri zina mlio wa kutosha mita 100, na hazihitaji chaji wala mtu wa kutia saini.

Mita 400 ni habari nyingine. Pale wakimbiaji wanapoanza kwa kupishana, wa njia ya nane yuko zaidi ya mita 50 mbele ya wa kwanza ukifuata mkunjo. Ukisimama na kisanduku karibu na njia ya kwanza, wa nane anausikia mlio sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, na zaidi. Kimataifa, anayeondoka kabla ya sekunde 0.100 kupita tangu mlio anahesabiwa ameruka, kwa hiyo upate picha muda huo una uzito gani. Kwenye mashindano makubwa wanaweka spika nyuma ya kila mkimbiaji. Kifaa changu kina tundu la spika ya pili, nami nimevuta waya hadi njia ya sita. Waya uliokuja nacho ni mfupi. Nunueni mwingine Mwembe Tayari, mwekundu, la sivyo watoto wataukanyaga kwenye nyasi.

Jambo jingine ni upepo. Kaskazi ikivuma na wakimbiaji wakiwa upande unakotoka upepo, sauti inapeperushwa. Elekezeni kisanduku kwao, kikae juu ya stuli na si chini. Tundu la chaji limeanza kufanya ukijani wa chumvi kwa ndani, kwa hiyo nalizibia kwa kipande cha nailoni kila ninapomaliza. Dhamana ni ya mwaka mmoja, na muuzaji aliniambia wazi kwamba kutu haimo.

Ile .32 iko kwenye sefu ya Mwalimu Mkuu, na barua ya kuomba polisi waichukue imeshaandikwa.